Dirisha la Mama Foleni

Idara ya Maji ilikuwa na madirisha manne ya kuhudumia watu, lakini foleni ilikuwa moja tu. Watu walijipanga mbele ya dirisha la tatu hata pale mengine yalipokuwa wazi na wahudumu wake wakipiga miayo. Ukimuuliza mtu kwa nini asisogee penye nafasi, alikujibu bila kugeuka, "Namsubiri Mama Foleni."

Jina hilo mama huyo alilipata zamani, siku wanaume wawili waliposhikana mashati wakigombea nafasi. Alitoka nyuma ya kioo, akawashika masikio kama watoto wa chekechea, akawaswaga wote wawili hadi mwisho wa mstari, kisha akarudi kuketi na kuuliza, "Anayefuata?" Tangu siku hiyo jina likamganda. Hakuwa malaika. Akiudhika alikuwa na maneno ya kumvua mtu nguo mbele za watu, na kuudhika hakukumchukua muda. Lakini ukimwambia kwako maji hayatoki, hakukupa fomu kwanza. Alikuuliza, "Upande wa kiwanda cha matofali au huku juu kwenye kituo cha afya? Na jirani yako je, yeye anapata?" Ukiondoka pale, ulikuwa unajua kama usubiri, urudi nyumbani, au ukamfokee mwenye nyumba wako.

Alikuwa na watoto wawili. Wa kwanza, wa kiume, aliishi mbali na alipiga simu siku akikumbuka. Wa pili, wa kike, alikaa naye nyumbani. Huyu walimwita Kitinda kwa sababu ndiye aliyekuwa kitindamimba, na jina likamfuata mpaka kazini.

Kazi yenyewe Mama Foleni hakuielewa sawasawa. Majirani wakimuuliza mwanawe anafanya nini, alisema, "Anachora vitu kwenye kompyuta, halafu vinafunguka kwenye simu za watu." Hakuwa mbali na ukweli. Kitinda alitengeneza programu za mtandaoni, ule upande wa mbele anaoukuta mtu akifungua: maandishi, rangi, vitufe, kila kinachoguswa kwa kidole. Upande wa nyuma, unaopokea taarifa na kuzihifadhi, ulikuwa wa mwenzake waliyembatiza Bwana Seva, kijana mkimya aliyekula karanga kutwa nzima na kuacha maganda kwenye kibodi. Ofisi yao ilikuwa juu ya duka la magodoro. Ngazi zilinuka sponji mpya.

Siku Meneja wao alipoingia akipiga makofi na kutangaza kwamba Idara ya Maji imewapa kazi, Kitinda aliinuka kitini kabla hajamaliza kusema.

"Wanataka mtu aweze kuripoti bomba bovu, kusoma mita yake na kuomba kuunganishiwa maji, yote kwenye simu," Meneja alisema. "Mbele utafanya wewe. Nyuma, Bwana Seva. Sasa tatizo ni hili: hatuwajui wateja wao. Tunahitaji mtu anayejua watu wanauliza nini."

"Huyo mtu ninaye," Kitinda alisema. "Ninakula naye chakula kila siku."

Alianza kazi kwa furaha ya mtu anayejenga chumba kwa ajili ya mama yake. Alifungua folda mpya, akaita vifurushi alivyovihitaji, vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa na wengine, na asubuhi nzima ikaishia kwenye kuvipatanisha, maana viwili kati yake viligombana kama mawifi kwenye jiko moja: kila kimoja kilidai toleo lake la kifurushi cha tatu na hakikutaka kusikia la mwenzake. Alipovituliza, akaandika majaribio kabla hata ya kurasa kukamilika. Majaribio hayo yalikuwa vijiprogramu vidogo vinavyojifanya mtu: kimoja kinabonyeza hapa, kingine kinaandika pale, kisha vinaangalia kama kilichotokea ndicho kilichotakiwa. Kila kitu kikienda sawa, mstari unawaka kijani. Kikiharibika, mwekundu. Bwana Seva alimcheka, akasema anafua nguo kabla hazijachafuka. Kitinda hakujali. Hakutaka programu hii imwaibishe mbele ya mtu mmoja.

Kurasa za kwanza zilipokuwa tayari, aliziweka kwenye seva ya majaribio, mahali ambapo asiye na anwani hawezi kufika, akampa mama yake simu. Si simu yake mwenyewe. Alimpa ile ya mama, ya zamani, yenye kioo kilichopasuka kona.

"Haifunguki," Mama Foleni alisema.

"Subiri kidogo."

"Nimesubiri. Nimesubiri mpaka nimesahau nilikuja kwa ajili ya nini. Mtu wangu wa foleni angekuwa ameshaanza kutukana."

Kitinda akaichukua kazi, akarudi nayo ofisini, akaondoa picha kubwa za matone ya maji ambazo Meneja alizipenda, akapunguza hiki na kile mpaka ukurasa ukawa unafunguka kabla mtu hajavuta pumzi ya pili. Akamrudishia.

"Haya. Sasa hapa umeandika nini? 'Wasilisha taarifa ya hitilafu.' Hitilafu?" Mama Foleni aliivuta miwani puani. "Mwanangu, mtu bomba limempasukia uani, anaruka madimbwi, viatu mkononi, wewe unamwambia awasilishe? Andika 'Bomba limepasuka.' Basi."

Kitinda akaandika "Bomba limepasuka."

"Na hapo juu kabisa waandikie kwa herufi nyekundu: MSISUKUMANE."

"Mama, hakuna wa kusukumana. Kila mtu atakuwa kwake."

"Waandikie tu. Wewe huwajui hawa."

Walicheka sana siku hiyo. Na zikafuata nyingine kama hiyo. Jioni Mama Foleni akirudi kazini, hata kabla ya kuvua viatu, alikuwa ameshaanza: leo kuna mtu kauliza hivi, leo kuna bibi kachanganya namba ya mita na namba ya nyumba, hilo mmeliwekea nini? Mengi aliyoyataka hayakuwezekana, na mengine yalikuwa vituko vitupu. Alitaka programu imtambue mtu muongo. Alitaka iwe na sauti ya mwanamke wa makamo inayosema "Anayefuata." Lakini mengi yaliingia, moja baada ya jingine, na Kitinda aliona kazi yake inapata mwili.

Ombi moja Mama Foleni alilishikilia kama kupe.

"Kuna mtu hajui tatizo lake ni lipi," alisema. "Maji yanatoka lakini yana rangi. Au yanatoka usiku tu. Au anadaiwa na nyumba si yake. Huyo hatajiona kwenye orodha yenu. Mwekee kitufe: 'Sijui, nisaidie.' Akikibonyeza, simu iite kwangu dirishani."

Kitinda akaona ni jambo jema. Akakiweka kitufe, akakiandikia jaribio lake: mtu asiyejua akibonyeza, lazima ampate mtu. Kisha akiwa ofisini akakibonyeza kwenye simu yake, na upande wa pili wa mji mama yake akapokea kwa ile sauti yake ya dirishani, "Dirisha la tatu, sema!" Kitinda akacheka mpaka Bwana Seva akageuka kumtazama.

Siku chache kabla ya kuiweka programu hewani, Meneja alimwita kwenye chumba chake kidogo chenye feni iliyokuwa ikilia kuliko kupepea. Alikuwa na kompyuta wazi mbele yake.

"Kazi nzuri," alisema. "Nzuri mno. Kuna kitu kimoja tu. Hiki kitufe cha 'Sijui, nisaidie.' Kitoe."

"Hicho ndicho watu watakachokitumia zaidi, bosi. Tumekijaribu, kinafanya kazi."

"Sijasema hakifanyi kazi. Nimesema ukitoe."

"Sasa mtu akikwama atampigia nani?"

Meneja aliutazama mlango, kana kwamba angependa ufunguke mtu aingie amwokoe. "Hakutakuwa na mtu wa kupokea," alisema. "Madirisha yanafungwa. Yote. Ndiyo maana ya mradi huu, Kitinda. Ulidhani Idara inatengeneza programu ili iendelee kulipa watu wa kukaa nyuma ya vioo?"

"Mama yangu yuko pale," Kitinda alisema.

"Najua. Na amesaidia sana, kila mtu anajua. Mkurugenzi wa Idara mwenyewe atatangaza siku ya uzinduzi, kwa heshima zote. Lakini likitoka mapema, wafanyakazi watagoma, mradi utakufa, na mimi na wewe na huyo mla karanga tutaenda kuuza magodoro hapo chini. Umenielewa? Hata mama asijue. Hasa mama."

Kitinda akarudi mezani kwake. Alikaa muda akiutazama mshale wa kompyuta ukipepesa. Kisha akakifuta kitufe. Akayaendesha majaribio, na jaribio moja likawaka jekundu. Ni lile lililosema mtu asiyejua lazima ampate mtu. Mashine ilikuwa imefanya kazi yake kwa uaminifu: ilimwambia ameharibu kitu. Bwana Seva akanyoosha shingo kutoka kwenye meza yake.

"Limefeli?"

"Halihitajiki tena," Kitinda alisema, akalifuta na lenyewe. Mistari yote ikarudi kijani.

Aliporudi nyumbani alikuwa amejipangia maneno. Aliyapanga njia nzima. Alipofungua mlango, alimkuta mama yake amesimama mbele ya kioo cha kabati akijaribu gauni jipya, na mama mdogo, mdogo wake Mama Foleni, amepiga magoti sakafuni na pini mdomoni akipindua upindo.

"Umesikia?" Mama Foleni alisema. "Mkurugenzi kanipigia mwenyewe! Kasema siku ya uzinduzi nitakaa mbele, na mimi ndiye nitakayebonyeza kitufe cha kuifungua. Mimi! Miaka yote hii huyo mtu hajui hata nakaa dirisha gani."

"Hongera, Mama," Kitinda alisema.

"Mbona umenywea? Unaumwa?"

"Uchovu tu."

Akaenda chumbani, akaketi kitandani na mkoba begani. Angeweza kusema pale pale. Mlango ulikuwa wazi, mama yake alikuwa hatua chache tu kutoka kwake, akicheka. Lakini alijiambia atasema kesho. Alijiambia pengine Meneja kakosea, pengine watamhamishia ofisi nyingine. Na chini ya yote hayo kulikuwa na jambo ambalo hakutaka kulitazama usoni: aliipenda programu ile. Alitaka kuiona iko hewani. Mama akijua, angeligeuza jengo zima la Idara miguu juu, na kazi aliyoijenga kwa mikono yake isingetoka kamwe.

Kesho ilikuja, na kesho kutwa. Mama Foleni aliichukua simu yake ya kioo kilichopasuka kufanya jaribio la mwisho, akapekua ukurasa hadi chini.

"Kitufe changu kiko wapi?"

"Tunakirekebisha," Kitinda alisema. "Kitarudi."

Mama yake akamwamini. Hakuuliza tena.

Asubuhi ya uzinduzi, Kitinda na Bwana Seva walifika ofisini kabla ya muuza magodoro kufungua duka lake. Meneja hakuuamini mtandao wa ukumbini. Alitaka programu iwe hewani mapema, kisha mbele ya wageni kiwekwe kitufe cha kijani cha maonyesho, kibonyezwe, ukurasa ufunguke, watu wapige makofi. Kitinda akayaendesha majaribio kwa mara ya mwisho, akaikamilisha programu, akaituma kwenye seva. Akakaa akingoja. Kisha akaifungua kwenye simu yake, kama mtu yeyote wa mjini angeifungua. Ilikuwa pale, nyepesi, safi, na maneno ya mama yake yamejaa kila mahali: Bomba limepasuka. Maji yana rangi. Mita haisomeki.

"Imetoka vizuri," Bwana Seva alisema, na kwa mara ya kwanza akamkaribisha karanga.

Ukumbi wa Idara ulijaa. Viti vya mbele vilivishwa vitambaa vyeupe, na kwenye kimojawapo aliketi Mama Foleni ndani ya gauni lake, mama mdogo ubavuni. Kitinda alikuwa pembeni, nyuma ya kompyuta iliyounganishwa na skrini kubwa. Mama yake alipoitwa, wafanyakazi wenzake walipiga vigelegele. Alipanda jukwaani taratibu, akaupinda mkono kiunoni, akasema bila kipaza sauti, "Msisukumane!" na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kisha akabonyeza. Skrini ikafunguka. Makofi yakavuma.

Alikuwa bado amesimama jukwaani Mkurugenzi aliposhika kipaza sauti. Alimshukuru. Alimwita nguzo ya Idara. Akasema kwamba kutokana na hatua hii kubwa, na kwa nia ya kuwapunguzia wananchi usumbufu, huduma za madirishani zitakoma mwisho wa mwezi, na kwamba Idara itawaaga kwa heshima watumishi wote wa madirisha, wakiongozwa na mama yetu huyu, ambaye leo mwenyewe kwa mkono wake ametufungulia ukurasa mpya.

Mama mdogo alikuwa hajaelewa. Aliendelea kupiga makofi peke yake, akitabasamu, mpaka aliyeketi nyuma yake akamgusa bega.

Mama Foleni aligeuka akautafuta uso wa mwanawe kule pembeni. Kitinda aliinamisha macho kwenye kompyuta kana kwamba kuna kitu cha kushughulikia. Hakukuwa na kitu. Kila kitu kilikuwa kinafanya kazi.

Nyumbani, Mama Foleni alivua gauni, akalikunja, akaketi mezani na kanga yake. Kitinda alibaki amesimama.

"Ulijua," mama yake alisema.

"Mama, walinikataza..."

"Sikukuuliza nani alikukataza."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile unajaribu gauni."

Mama Foleni alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayejumlisha hesabu na kuona inakuja ile ile aliyoiogopa. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Wahenga walituchosha na hiyo. Nilidhani ni ya watu wengine." Akaifunga kanga yake upya. "Kwa hiyo nilikaa hapa kila jioni nikikupa mdomoni. Bibi kasema hivi, babu kauliza vile. Nikachimba shimo langu, na wewe umenishikia taa."

"Haikuwa kwa mkono wako, Mama." Kitinda alipiga magoti mbele yake. Maneno haya alikuwa ameyashikilia njia nzima, akiyaona kama dawa. "Kile kitufe kilikuwa cha maonyesho tu. Programu niliiweka hewani mwenyewe asubuhi. Wewe hukufungua chochote. Ni mimi."

Mama yake alilisukuma kando lile gauni lililokunjwa.

"Basi hata hilo hamkuniachia," alisema.

Siku aliyoagwa kazini alipewa saa ya ukutani na mkono wa kwaheri. Juma lilipogeuka, alifunga nguo zake kwenye begi, akahamia kwa mdogo wake. Hakugombana, hakupiga mlango. Alimwambia Kitinda ufunguo wa stoo uko kwenye kikombe, na gesi inakaribia kuisha, akaondoka.

Ile programu ilifanya kazi vizuri, na hilo ndilo lililouma kuliko yote. Kama ingeanguka, Kitinda angepata pa kupumulia; angesema, mnaona? Haikuanguka. Watu wengi waliifurahia. Wachache wasiojiona kwenye orodha walikwenda Idarani, wakagonga vioo vilivyozibwa kwa karatasi, wakaondoka na shida zao. Hao hawakuwa na mahali pa kulalamika, kwa hiyo hakuna aliyewahesabu. Idara ikaisifu kampuni, na sifa zikaleta kazi nyingine.

Safari hii ilikuwa ofisi ya vyeti vya kuzaliwa. Meneja akampandisha Kitinda cheo, akampa meza ya dirishani, na wiki iliyofuata akamletea mtu wa kumsaidia kujua wateja wanauliza nini. Alikuwa mzee mwembamba, shati limefungwa hadi kifungo cha shingo, mtu aliyegonga mihuri ujana wake wote hata ofisini wakamwita Mzee Mhuri. Aliingia akihema kwa zile ngazi, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama aliyeitwa shuleni kwa ajili ya mtoto mtukutu.

"Binti," alisema, akiisogelea skrini, "hapa mmeandika 'Tarehe ya tukio.' Tukio gani? Mtoto kazaliwa, si ajali!"

Akacheka kwa raha. Kitinda aliangalia kama mlango wa Meneja umefungwa, kisha akasema kwa sauti ya chini.

"Mzee, nisikilize vizuri. Hii programu ikiisha, ofisi yenu itafungwa. Hawatawaambia mpaka siku ya mwisho. Usinipe chochote. Rudi ukawaambie wenzako, mkae mjue mtafanya nini."

Mzee Mhuri aliacha kucheka. "Nani kakwambia?"

"Ndivyo walivyofanya Idara ya Maji. Mama yangu alikuwa pale."

"Aa," mzee akasema, na uso wake ukalegea kama aliyepata jibu la fumbo. "Pole kwa mama. Lakini Maji ni Maji, binti. Kwetu bosi kanihakikishia: mimi ndiye nitakayewafundisha wengine kutumia hii kompyuta. Kaniahidi ofisi yenye mlango." Alimtazama kwa huruma kidogo, na kwa shaka kidogo. "Una uchungu. Uchungu humfanya mtu aone wezi kila mahali."

Alirudi ofisini kwake akamweleza bosi wake, kwa nia njema kabisa, kwamba yule binti ana matatizo ya nyumbani na pengine apumzishwe. Bosi akampigia Meneja. Kabla ya jua kutua, Meneja alikuwa amesimama kwenye meza ya dirishani akimtazama Kitinda anavyotoa vitu vyake kwenye droo.

"Nilikupandisha cheo," alisema. Alionekana ameumia kweli. "Nilikuwa nakuonea fahari."

Bwana Seva alimsindikiza hadi mwisho wa ngazi amemshikia kikombe chake cha chai, akamkabidhi, akasema kazi ile ya vyeti ameshapewa mtu mwingine wa kuimalizia, na kwamba Mzee Mhuri atarudi kesho.

Kitinda hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa mama mdogo. Alimkuta mama yake kibarazani akichambua maharage kwenye ungo, mawe upande huu, yaliyooza upande ule. Alikuwa amekonda. Na sauti yake alipoitikia salamu ilikuwa ndogo, kama ya mtu aliyezoea kuongea na walio karibu tu.

Alimsimulia yote. Mzee Mhuri, meza ya dirishani, alichosema, kilichompata. Hakujisifu, lakini njiani alikuwa ameota ndoto ndogo: kwamba mama yake akisikia angenyoosha mkono amguse kichwa. Mama Foleni alisikiliza bila kuacha kuchambua. Mama mdogo alisimama mlangoni na birika, akawatazama kwa zamu.

Hadithi ilipokwisha, Mama Foleni aliupepeta ungo mara moja, akauweka chini.

"Kwa hiyo kwa mgeni ulipata mdomo," alisema.

Mama mdogo akasema haraka, "Dada, mtoto kafukuzwa kazi," lakini Mama Foleni alikuwa ameshainama tena kwenye maharage yake. Kitinda akapewa chai. Aliinywa ingali ya moto, ikamuunguza ulimi, akaimaliza hivyo hivyo kwa sababu hakujua la kufanya na mikono yake. Kisha akainuka, akaaga.

"Haya," mama yake alisema, bila kuinua kichwa. "Nenda salama."